Vumbi ya Gunia ni ya Shingo

Mwaka wa 1971, nikiwa na miaka kumi, muti wa kinkina, ule wa dawa ya malaria, ulimwangukia baba yangu katika shamba la wakubwa, huko kijiji cha Miti. Walimuleta nyumbani juu ya mulango uliong'olewa. Kilio kilipoisha, kaka yake akachukua shamba letu la ndizi. Mama akafunga vitu vyote ndani ya kikwembe kimoja, kile kitenge cha kuvaa, tukashuka Bukavu kwa miguu. Hapo ndipo taabu ilianza. Sitafuti mutu wa kunihurumia. Nataja mwaka ili ujue mapema kwamba taabu naijua kwa sura, na mutu akija kunifundisha taabu kwa karatasi, namwangalia tu.

Mama alipata kazi isiyouliza diplome: kubeba. Unafunga muzigo mugongoni kwa mugozi, ile kamba pana inayopita juu ya paji la uso, unainama, unapanda. Bukavu yote ni mulima, na boti zinatua chini, ziwani. Mimi nilikuwa nimefika mwaka wa pili wa primeri. Mwaka wa tatu niliusoma kwa shingo. Hadi leo nina bonde juu ya paji langu, ukipitisha kidole utalisikia. Wajukuu wanapenda kuligusa.

Sasa nieleze desturi moja, kwa sababu bila hiyo hutaelewa ninawadharau nani na kwa nini.

Gunia ya unga ikitoka ku boti, gunia yenyewe ni ya mwenye boti, unga ni ya mwenye depo, ile ghala ya kuuzia unga. Mubebaji anapanda nayo, anafika depo, wanamutua, wanamwaga unga ndani ya kasha kubwa la mbao. Gunia tupu inapaswa kurudi ziwani. Lakini kabla haijarudi, mubebaji anaishika, anaigeuza ndani nje, anaikung'uta juu ya kikwembe chake. Unga uliobaki kwenye pembe na kwenye nyuzi ni wake. Ni konzi moja, siku njema mbili. Sheria hiyo haikuandikwa na mutu. Wamama waliotutangulia walisema: gunia iko na mwenyewe, unga iko na mwenyewe, lakini vumbi ni ya shingo. Tajiri aliyekataza kukung'uta, watu walimwuliza nani atamubeba siku ya kilio chake.

Mutoto wangu wa kwanza nilimufunga kamba muguuni, ku nguzo ya bandari, kama mbuzi, nikapanda na gunia. Wote tulifanya vile. Unapanda na huku sikio limebaki chini. Siku moja nilishuka nikamukuta amezunguka nguzo mpaka kamba imekwisha, shavu limebanwa kwenye mbao, hana tena sauti ya kulia. Nikaapa, nikipata kiwanja, hakuna mutoto wa mubebaji atakayefungwa tena.

Kiwanja nilikipata kisha miaka kumi na tisa ya kubeba na miaka sita ya kuuza makala, makaa ya kupikia. Nikaweka mabati juu ya nguzo nne. Wamama wawili wazee, walioshindwa na magoti, wakakaa pale kuangalia watoto. Kila mubebaji anamwacha wake asubuhi. Saa sita, akipita, anamwaga vumbi yake ndani ya ndoo yangu. Unga unachekechwa, makala ni yangu, na siku ambayo sambaza, dagaa wa ziwa letu, ni rahisi tunatia sambaza. Watoto thelathini, mara nyingine arobaini, wanakula bugali ya moto katikati ya siku, na mama zao wanapanda mulima bila kugeuka nyuma. Hatukuwa na kamati. Mutu asiyeleta vumbi siku mbili alijulikana, na siku ya tatu alileta. Ilikwenda hivyo zaidi ya miaka ishirini.

Njo proje ikaja, yaani mradi wa wafadhili.

Ilikuwa wakati Covid imepungua na watu wameanza tena kusalimiana kwa mukono. Gari nyeupe ikasimama ku mulango wangu, akashuka mwanaume wa miaka kama thelathini na tano, viatu vyeupe siku ya matope. Alikuwa sharje wa proje, maana yake yeye ndiye aliyeshika kazi yote, na sisi tukamwita Sharje hivyo hivyo. Alisema wafadhili wa ng'ambo wanatafuta mahali ambapo jamii inasaidia watoto na familia, na wamesikia juu yangu. Alikuwa na adabu, lazima niseme. Aliniita maman kila neno la tatu.

Akatoa kile kibao chao cha vioo cha kuandikia, akaanza maswali. Watoto wangapi, baba wako wapi, wanaenda haja wapi. Kisha akauliza kabla ya proje watoto hawa wanakula nini. Nikamwambia bugali ya vumbi. Akatafuta kwa kidole, akapanda, akashuka, akaniambia kwamba hiyo haiko ku liste. Akagonga mahali. Nikamwuliza amegonga nini.

«Hakuna,» akasema. «Maman, ni fomu tu.»

Miaka ishirini ya vumbi, na kijana ananiandikia hakuna. Ningemufukuza siku ile. Hasa kwa sababu kesho yake alirudi na mutu wa picha, wakakuta tumewaogesha watoto na kuwavalisha nguo za misa. Nyuso zao zikaanguka. Yule wa picha akaomba kama watoto wawili watatu wanaweza kuvua mashati, ili mufadhili aone hali. Nikamwambia avue lake kwanza, tumupime mbavu, pengine na yeye ni wa kusaidiwa. Wamama walicheka mpaka mutoto mumoja akaamuka. Sharje naye alicheka, lakini kwa mudomo tu.

Nilikubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa chakula: unga wa maziwa, maharagi, mafuta, mikeka. Ya pili sipendi kuiandika: walisema siku ya kufungua proje nitaketi mbele.

Nikaketi mbele. Ilikuwa hoteli moja kando ya ziwa, pale ambapo nilikuwa nimebeba simenti ya kuijenga na sijawahi kuingia kwa mulango wa mbele. Kulikuwa na kitambaa kikubwa chenye picha ya watoto wetu, wale wasiovua. Kulikuwa na wenye depo, walioalikwa kama «viongozi wa soko», kila mumoja na chupa ya Fanta. Yule mukubwa wao, nitamwita Papa Depo, aliketi mustari wa tatu. Nilikuwa nimebeba magunia ya mama yake kabla yeye hajaota meno. Watu wa ofisi walisema maneno marefu: uimara wa familia, ushirikishwaji, uendelevu. Mutu akisema uendelevu, angalia kama injini ya gari yake imezimwa.

Kisha wakanipa mikro ya kusemea. Mimi, mwaka wa pili wa primeri, na mikro mukononi. Kichwa kikanivimba. Nikasema hivi, na nakumbuka kila neno:

«Kuanzia leo, batoto betu habatakula tena vumbi ya magunia ya batu.»

Wakapiga makofi. Sharje aliandika. Papa Depo hakupiga makofi. Alikunja mikono, akanitazama kama mutu aliyeokota kitu njiani na anangoja kuona kama mwenyewe atageuka.

Proje ilipoanza, sheria ya kwanza ilikuwa usafi: unga wa magunia ni marufuku, una vijidudu. Ndoo yangu ikageuzwa kuwa ya kunawia mikono, ikabandikwa karatasi yenye picha ya mikono, ili tujue mikono ni nini. Sikatai kwamba watoto walinenepa. Uji wao ulikuwa muzuri, nami nilikula. Lakini mara mbili kwa mwezi walikusanya wamama kuwafundisha namna ya kumupenda mutoto. Bibi mumoja mwenye miwani alisimama akawaambia wabebaji, watu waliopanda mulima mara sita tangu alfajiri, kwamba mutoto anahitaji kuchezewa nusu saa kila siku. Walilala wote, wamekaa, vichwa vimeinama pale pale ambapo mugozi huvivuta. Bibi akadhani wanakubali.

Huku nyuma, mulimani, jambo lingine lilikuwa linafanyika. Papa Depo aliweka kibarua wake karibu na kasha. Gunia ikimwagwa, kibarua anaichukua, anaikung'uta yeye, vumbi inarudi mu kasha. Mubebaji wa kwanza aliyenyoosha mukono, mwanamuke wa Kabare mwenye mapacha ku kiwanja changu, aliambiwa: si mulisema hamukuli tena? Wenye depo wengine wakaona, wakafanya vile. Wabebaji walikuja kuniambia. Nikajibu waachane nao, watoto wanakula. Ndiyo, nilijibu hivyo. Nilikuwa nimevaa triko ya proje, fulana yenye jina lao.

Kisha miezi kumi na minane gari ikarudi. Safari hii haikushusha kitu, ilipakia. Walipakia mizani ya kupimia watoto, walipakia meza. Mikeka walituachia kwa sababu ilikuwa imetoboka. Kila mama akapewa cheti cha kushiriki, kina muhuri, kizuri cha kuwashia moto. Kibao kikubwa cha chuma, chenye majina ya wafadhili, wakakiacha ku mulango wangu. Kilikuwa kinasema kwamba hapa watoto wanalishwa.

Jumatatu saa sita watoto wakaketi na sahani zao. Wamama wakapita mumoja mumoja, mikono mitupu, wakaangalia ndoo, wakaangalia mimi. Nilinunua unga siku ile. Nilinunua juma lile na lile lililofuata, mpaka nikaona kwamba nikiendelea nitauza kiwanja, na nikiuza kiwanja, kamba zitarudi ku nguzo. Kwa kweli zilianza. Yule wa Kabare alisema ni afadhali akae na mapacha bandarini, awatupie ndizi kati ya safari na safari. Nilishuka nikawaona wawili, kila mumoja na kamba yake, nguzo moja. Nilikaa juu ya jiwe, na mimi si mutu wa kukaa juu ya mawe.

Nilipanda mpaka ofisi ya Sharje. Mulinzi aliniuliza kama nina randevu. Nikangoja ku kiti cha plastiki mpaka mafundi wa umeme waliokuja nyuma yangu wakaingia na kutoka. Sharje alinipokea vizuri, maman, maman. Akasema awamu ya kwanza imefungwa, ya pili wameiombea, kuna ushindani, tungoje. Nikamwuliza mutoto anangojaje, tumbo linafungwa na muhuri? Akavua miwani, akaniambia kwa upole, kama mutu anayemukumbusha muzee dawa yake, kwamba jamii inapaswa kuwa na mbinu zake yenyewe. Akauliza sisi zamani tulikuwa tunafanyaje.

Nilimwangalia sana. Mutu aliyeandika hakuna kwa kidole chake. Nikasimama, nikatoka. Mulinzi alitaka nisaini daftari ya kutoka. Nilimwachia mustari mutupu.

Njiani nilikuwa namutukana Sharje kwa Mashi, lugha inayofaa kwa kazi hiyo. Nilipofika ku kona ya soko matusi yakaisha, na nikabaki na yule mwenye mikro. Yeye sikuweza kumwachia mustari mutupu. Sharje hakusimama mbele ya wenye depo akawaambia watunyang'anye vumbi. Mimi nilisema. Yeye alileta hoteli tu.

Asubuhi iliyofuata nilitoa mugozi wangu nyuma ya mulango. Nilikuwa na miaka sitini na mbili na sijabeba tangu nywele zangu ziko nyeusi. Binti yangu, ambaye ni mwalimu, alisimama ku mulango, akasema watu watafikiri wanangu hawanilishi. Nikamwambia watu wafikiri vile wanataka, apishe. Nilishuka bandarini. Wabebaji waliniona nakaza kamba. Mumoja akasema taratibu, «Yaya, acha.» Nikainama, wakanipakia gunia, kwa sababu yaya, dada mukubwa, akiinama hakuna wa kumubishia. Nikapanda. Sitaeleza kupanda. Nilipumzika mara nne mahali ambapo zamani nilipumzika mara moja. Nyuma yangu walipanda kumi na saba.

Kuna jambo moja watu wa Bukavu hawawezi kulifanya hata wakiwa wabaya. Mubebaji hajitui mwenyewe. Akifika, yule mwenye muzigo au mutu wake anatoka, anashika gunia kwa chini, anamutua. Kumwacha mama amesimama na muzigo mbele ya mulango wako, na wewe unamwona, ni laana. Hata mulevi atasimama akutue.

Nilifika depo nikasimama katikati ya mulango. Kibarua akaja kunitua, nikamwambia aondoe mukono. Wateja wakashindwa kuingia. Nyuma yangu wale kumi na saba walisimama ku mulima na magunia, mustari mumoja, na watu wa soko wakaanza kusogea kuona. Papa Depo akatoka nyuma ya kasha, unga ku nyusi.

«Maman, tua. Utakufa hapa.»

«Sijitui. Utanitua wewe.»

Akaelewa mara moja. Yeye ni mutu wa hapa. Akinitua kwa mukono wake mbele ya soko, amenipokea kama mubebaji wake, na mubebaji ana vumbi yake. Akasimama umbali wa hatua mbili, mikono nyuma.

«Vumbi nilikatalia nani?» akasema, kwa sauti ya kusikika. «Wewe mwenyewe ulisema ku mikro. Batoto benu habakule tena vumbi ya batu. Nilikuwa pale. Batu bote balikuwa pale.»

Soko lote likanitazama. Miaka hamsini ya kupanda mulima ule sijamwambia mutu nimekosa. Si bwana yangu kabla hajafa, si padri, kwake nilitaja dhambi ndogo tu. Gunia ilikuwa inavuta kichwa nyuma, nikawa nasema na mbingu zaidi kuliko na yeye.

«Nilisema ujinga,» nikasema. «Tua.»

Mutu mumoja nyuma akacheka. Papa Depo akaja, akapiga goti, akashika gunia kwa chini, akanitua. Wakamwaga unga. Kibarua akanyoosha mukono kuchukua gunia tupu, Papa Depo akamupiga mukono chini. Nikaishika, nikaigeuza ndani nje, nikaikung'uta juu ya kikwembe changu mara tatu, kwa nguvu, mpaka wateja wakakohoa. Konzi moja. Hata haikujaa. Nyuma yangu wakaingia wengine kumi na saba, na kila mumoja alikung'uta.

Usifikiri kila kitu kilirudi. Depo tatu zilimufuata Papa Depo, mbili hazikufuata mpaka leo, na hizo wabebaji wanazipelekea muzigo polepole, siku ya mvua hasa. Bugali imekuwa ndogo. Jumamosi hatupiki. Lakini mapacha wa Kabare walifunguliwa kamba juma lile lile.

Sharje alirudi mwaka uliofuata. Awamu ya pili ilikuwa imekubaliwa, kwa jina jipya, na ndani yake wameandika kukung'uta kwetu. Alikuwa amesikia habari ya mulangoni kwa Papa Depo, na sasa vumbi imepata nafasi ku liste. Ni mbinu ya jamii. Wanataka kuiimarisha, wafundishe wabebaji kukung'uta kwa usafi, wape kila mumoja kikwembe chenye jina la mufadhili. Na mimi niseme siku ya kufungua, dakika tano, juu ya uongozi wa mwanamuke. Nilimupa kiti, nikamupa bugali ya vumbi na sambaza, akala yote, alikuwa na njaa maskini. Alipomaliza, akauliza nasema nini. Nikamwambia aende awaambie wafadhili wake kwamba hapa aliandika hakuna, basi hakuna. Akacheka akidhani nachekesha. Nikachukua sahani yake, nikaiosha. Kisha akachukua kibao chake cha vioo akaondoka, na viatu vyake safari hii vilikuwa vyeusi.

Leo niko na kiwanja kimoja na nyumba ya matofali ya vyumba vinne. Niko na banda la mabati juu ya nguzo nne, na sufuria mbili kubwa, moja imetoboka na kuzibwa. Niko na depo ya makala, ndogo. Niko na kuku kumi na mumoja, na mulango wa banda lao ni kibao cha chuma chenye majina ya wafadhili, kimegeuzwa maandishi ndani, kuku wasome. Niko na ndoo ya vumbi. Niko na kaburi la mama yangu, limejengwa kwa simenti na limelipiwa. Niko na mugozi, nyuma ya mulango.